Ndani ya Saa 24

Mwaka wangu wa nne chuoni nilikuwa na laptopu ya mkono wa pili, bando la usiku, na mradi kuhusu vimelea vya malaria. Usiku mmoja, kama saa tisa hivi, nikapata makala niliyokuwa nikiitafuta kwa wiki mbili. Kichwa chake kilikaribia kuwa kile kile cha mradi wangu, neno kwa neno. Nikabofya. Ukurasa ukafunguka ukiwa na aya moja ya muhtasari, na chini yake bei: dola 32. Wakati huo hiyo ilikuwa zaidi ya shilingi elfu tatu, yaani chakula changu cha wiki mbili na ushei, ukipiga hesabu kwa chapati na madondo. Nikafunga laptopu. Halafu nikaifungua tena, maana bando lilikuwa bado na lingeisha saa kumi na mbili asubuhi, na bando la usiku halilali.

Ndipo nikaenda kwenye hifadhi ya data inayoitwa GenBank, nikaandika jina la jeni niliyokuwa nikiichunguza, na herufi zake zote zikajipanga mbele yangu. A, T, G, C, mistari na mistari. Sikulipa. Sikujisajili. Hakuna aliyeniuliza natoka chuo gani wala nchi gani. Yaani maelezo ya wanasayansi kuhusu herufi zile yalikuwa yanauzwa, lakini herufi zenyewe, ambazo kuzisoma kuligharimu mamilioni ya dola, zilikuwa zinagawiwa kama maji ya mvua.

Kesho yake nilimuuliza mhadhiri aliyekuwa akinisimamia mbona iko hivyo. Hapa nitamwita tu Daktari, kwa sababu ndivyo sote tulivyomwita, na kwa sababu atarudi mwishoni akiwa amekasirika. Alicheka. "Hiyo ni hadithi ya mnyoo, kijana," akasema, akaenda zake darasani.

Nilidhani ananitania. Kumbe hakuwa.

Mnyoo mwenyewe anaitwa C. elegans. Ana urefu wa milimita moja, anaishi udongoni, na mwili wake unapitisha mwanga, kwa hiyo ukimweka chini ya darubini unaona kila kinachoendelea ndani. Aliyemwingiza maabara kwa kishindo ni Sydney Brenner, mtoto wa fundi viatu kutoka Germiston, mji wa machimbo karibu na Johannesburg. Mwaka 1963, akiwa Cambridge, Brenner alipendekeza kwamba ukitaka kuelewa jinsi mnyama mzima anavyojengwa kutokana na seli moja, usianze na panya wala binadamu. Anza na kitu kidogo mpaka uweze kukihesabu chote. Mnyoo huyu aliyekomaa ana seli 959 za mwili, ukiacha zile za uzazi. Mia tisa hamsini na tisa. Ni idadi ya watu unaoweza kuwapanga kwenye uwanja wa shule wakati wa paredi.

Mwaka 1969 kijana mmoja Mwingereza, John Sulston, akajiunga na maabara hiyo. Kazi aliyokuja kufanya baadaye nikiisimulia kwa marafiki huwa hawaamini. Alitaka kujua kila seli ya kiinitete cha mnyoo inatoka wapi na inaenda wapi, na hakukuwa na kamera ya kumfanyia kazi hiyo vizuri. Basi akakaa. Kwa mwaka mmoja na nusu hivi alikaa kwenye darubini mara mbili kwa siku, kila mara saa nne, akitazama seli zikigawanyika na kuchora kwa mkono. Kazi hiyo ilichapishwa 1983, na hatimaye, mwaka 2002, ikawa sehemu ya sababu yeye, Brenner na Robert Horvitz kupewa Tuzo ya Nobel.

Lakini si subira yake iliyonivutia zaidi. Ni jinsi watu wa mnyoo walivyoishi pamoja. Walikuwa wachache, wamesambaa kati ya Uingereza na Marekani, na mnyoo wao hakuwa na umaarufu wowote. Mwaka 1975 wakaanzisha jarida dogo walilolipa jina la kiutani, Worm Breeder's Gazette, gazeti la wafuga minyoo. Humo kila maabara iliandika ilichokipata, hata kama hakijakamilika, hata kama pengine ni kosa. Minyoo yenyewe inaweza kugandishwa kwenye barafu kali na kuamka ikiwa hai, na inasafiri vizuri kwa posta, kwa hiyo ukihitaji aina fulani uliandika barua na ukatumiwa. Sharti lilikuwa moja: usinukuu cha mwenzako bila kumwomba. Ni kama chama cha akina mama wa mtaani. Hakuna wakili, hakuna mkataba, lakini jaribu kukimbia na pesa uone.

Sulston na mwenzake Alan Coulson, pamoja na Bob Waterston aliyekuwa St. Louis, walipoanza kuchora ramani ya DNA yote ya mnyoo, walitumia desturi ile ile. Kila kipande kilichopata mahali pake kilitangazwa kwa wote. Watu waliokuwa wakifukuzia jeni zao walitumia ramani hiyo, kisha wakarudisha walichokipata, na ramani ikazidi kujaa. Kutoa bure hakukuwa sadaka. Kulikuwa njia ya haraka zaidi ya kumaliza kazi, na nadhani hilo ndilo watu wengi hukosea wanapomzungumzia Sulston kana kwamba alikuwa mtawa. Ni kweli alikuwa na ndevu na makubazi. Ila alikuwa pia mtu wa hesabu.

Sasa tuje kwa binadamu. Mradi wa kusoma jenomu nzima ya binadamu, herufi kama bilioni 3, ulianza rasmi 1990, ukilipiwa zaidi na serikali ya Marekani, na upande wa Uingereza ukabebwa na Wellcome Trust, mfuko tajiri wa hisani. Pesa za Wellcome ndizo zilizojenga Kituo cha Sanger huko Hinxton, nje kidogo ya Cambridge, mwaka 1993, na Sulston akawa mkurugenzi. Mfuko huo huo ndio unaofadhili utafiti pamoja na KEMRI pale Kilifi tangu 1989, kwa hiyo jina hilo si geni kwa Mkenya yeyote aliyewahi kupita karibu na maabara ya pwani.

Shida ilikuja na pesa, kama kawaida. Jeni za binadamu zilikuwa zimeanza kuwekewa hataza, ile haki ya kisheria inayompa mtu mmoja umiliki wa uvumbuzi kwa miaka kadhaa. Mwaka 1995 timu ya Mike Stratton nchini Uingereza, ikisaidiwa na watu wa Sanger, ilikuwa ikishindana na kampuni ya Myriad ya jimbo la Utah kuitafuta BRCA2, jeni ambayo ikiharibika huongeza sana hatari ya saratani ya matiti. Waingereza walichapisha Desemba 1995. Myriad nayo ikakimbilia ofisi ya hataza. Kwa miaka mingi baada ya hapo, mwanamke wa Marekani aliyetaka kujua kama amerithi hatari hiyo alipimwa na kampuni moja tu, kwa zaidi ya dola 3,000. Ilichukua hadi Juni 2013 kwa Mahakama ya Juu ya Marekani, majaji wote tisa kwa sauti moja, kusema kwamba DNA jinsi ilivyo mwilini si uvumbuzi wa mtu, na kuitenga tu hakuifanyi iwe mali yako.

Nimeruka mbele. Turudi Februari 1996, miezi miwili tu baada ya sakata la BRCA2. Viongozi wa maabara kubwa za jenomu walikutana Bermuda, kisiwa cha Uingereza katikati ya bahari ya Atlantiki. Swali lilikuwa la kawaida kabisa: nani asome kipande gani, tusije tukarudia kazi. Lakini nyuma yake kulikuwa na swali jingine. Ukishasoma kipande chako, unakaa nacho kwa muda gani kabla ya kukionyesha? Mwongozo wa Marekani wakati huo uliruhusu hadi miezi 6. Miezi sita ni mingi. Miezi sita inatosha kuandika makala, na inatosha pia kuomba hataza.

Sulston alisimama mbele ya ubao akaandika walichokuwa wakikubaliana. Kipande chochote chenye herufi zaidi ya 1,000 kitolewe kwa kila mtu, na ikiwezekana ndani ya saa 24. Kitolewe kiotomatiki, bila mtu kukaa kuamua kama kinafaa. Na mfuatano wote wa jenomu ya binadamu uwe mali ya umma.

Fikiria maana yake kwa mtafiti. Unakesha na mashine zako, unasoma kipande, na kabla hujalala kompyuta imeshakitupa mtandaoni ambako mpinzani wako, mwenye pesa na watu kuliko wewe, anaweza kukichukua akaandika makala kabla hujanywa chai. Wengine pale hawakufurahi. Kuna nchi ambazo sera zao hazikuruhusu haraka ya namna hiyo, na ilibidi zibembelezwe. Lakini wenye pesa walikuwa upande wa Sulston na Waterston, na hilo lilimaliza mjadala: usipotoa data, hupati fedha. Huwa napenda kukumbuka sehemu hiyo ninaposikia watu wakisema ati sayansi ya wazi ilitokana na moyo mwema. Ilitokana na moyo mwema wenye kitabu cha hundi.

Mtihani ulikuja Mei 1998. Craig Venter, mwanasayansi mwenye kipaji na mdomo, alitangaza kwamba anaanzisha kampuni, iliyokuja kuitwa Celera, na kwamba ataisoma jenomu ya binadamu kwa miaka 3, mapema kuliko mradi wa umma. Data yake angeiuza kwa wanaojiandikisha. Na kwa sababu data ya umma ilikuwa ikitolewa kila usiku, Celera iliichukua pia na kuichanganya na yake. Ni kama jirani anayechota kwenye kisima chako kila asubuhi, halafu chake anakipiga kufuli. Na sheria ya Bermuda haikumkataza. Wazi ni wazi, hata kwa jirani wa namna hiyo.

Siku chache baadaye Wellcome Trust ikajibu kwa kuongeza maradufu fedha zake, ili Sanger isome theluthi nzima ya jenomu. Machi 2000 Bill Clinton na Tony Blair wakatoa taarifa ya pamoja kwamba data ghafi ya jenomu iwe huru kwa wanasayansi wote, na hisa za kampuni za bayoteknolojia zikaporomoka siku hiyo hiyo. Mashindano yakawa ya magazeti.

Lakini kuna kitu ambacho wanasiasa hawakukijua. Mradi wa umma ulikuwa na vipande, mamia ya maelfu ya vipande, na haukuwa na njia ya kuviunganisha. Ilikuwa kama kuchana magazeti yote ya mwaka mzima, ukayamwaga sakafuni, ukaahidi kuyasoma Jumatatu. Celera ilikuwa na kompyuta kubwa na wataalamu wake. Upande wa umma ulikuwa na Jim Kent.

Kent alikuwa mwanafunzi wa uzamifu katika Chuo Kikuu cha California, Santa Cruz. Alikuwa na miaka 40, alishawahi kufanya kazi ya kuandika programu za michoro ya kompyuta, akachoka, akarudi shule. Mwezi Mei 2000 aliona kazi ya kuunganisha vipande inasuasua, akamwambia mwalimu wake David Haussler kwamba atajaribu. Akajifungia kwenye gereji aliyoigeuza kuwa ofisi. Kwa wiki 4 aliandika programu mchana na usiku, na jioni alikanda viganja kwa barafu kwa sababu vilikuwa vimevimba. Chuo kilikuwa kimenunua kompyuta 100 za kawaida, zile za mezani, zikaunganishwa pamoja kuendesha programu yake. Tarehe 22 Juni akamaliza. Celera ilimaliza siku tatu baadaye. Tarehe 26 Clinton akasimama Ikulu ya Marekani, Venter upande mmoja na Francis Collins wa mradi wa umma upande wa pili, akatangaza sare.

Tarehe 7 Julai 2000 jenomu iliyounganishwa iliwekwa mtandaoni kwa yeyote mwenye modemu. Kent alieleza baadaye kwamba alichohofia ni hataza: kama kampuni ingekuwa ya kwanza kuwa na jenomu nzima, ingeweza kuzifungia jeni. Huyu ni mtu ambaye mashine zake mwenyewe hazikusoma hata herufi moja. Aliweza kufanya kazi ile kwa sababu herufi zote zilikuwa zimelala pale, wazi, kwa amri ya ubao wa Bermuda.

Na ndiyo maana, miaka mingi baadaye, mimi na bando langu hatukuulizwa kitu. Desturi ile ilivuka kutoka kwa binadamu hadi kwa viumbe wengine. Jenomu ya Plasmodium falciparum, kimelea cha malaria inayoua zaidi barani Afrika, ilichapishwa Oktoba 2002, herufi kama milioni 23, na ya mbu Anopheles gambiae wiki iyo hiyo. Vipande vya kimelea vilikuwa vikitolewa hata kabla ya kazi kukamilika.

Hapa niruhusu nitoke njiani kidogo. Kimelea kilichosomwa, kile ambacho kila mtafiti wa malaria duniani hulinganisha nacho vyake, kinatokana na damu ya mgonjwa mmoja wa Uholanzi aliyeishi karibu na uwanja wa ndege wa Schiphol, Amsterdam, na ambaye hakuwa ametoka nje ya nchi yake. Inadhaniwa mbu alishuka na ndege, na uchunguzi wa DNA unaelekeza Afrika. Kwa hiyo kielelezo cha malaria ya dunia yawezekana ni Mwafrika aliyesafiri bila viza. Hilo la ndege na Amsterdam liweke akilini, litarudi.

Nilimrudia Daktari nikiwa nimejaa hadithi hii. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza swali moja tu: "Na Bogoria?"

Sikujua. Akanieleza. Miaka ya 1990 mtafiti kutoka Uingereza alichukua vijidudu kutoka maziwa ya magadi ya Bonde la Ufa, Bogoria likiwemo. Vijidudu vile vinaishi kwenye maji ambayo yangekuchubua ngozi, na vimeng'enya vyake havisumbuliwi na sabuni. Kampuni ya Genencor ikavitengeneza kibiashara, vikaingia kwenye sabuni ya unga na kwenye viwanda vya kulainisha jinzi zionekane zimechakaa. Mwaka 2004 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, likajitokeza hadharani kudai sehemu ya faida. Mabishano yakawa ni vibali: nani aliruhusiwa nini, na ruhusa ya kutafiti inaishia wapi ruhusa ya kuuza ianze. Daktari alipenda kusema kwamba pengine suruali yake mwenyewe, aliyoinunua mtumba Gikomba, ilishawahi kupita mikononi mwa kijidudu cha Baringo.

Si sisi peke yetu. Mapema 2007 waziri wa afya wa Indonesia, Siti Fadilah Supari, alikataa kuendelea kutuma sampuli za homa ya ndege kwa maabara za Shirika la Afya Duniani. Alikuwa amegundua kwamba kampuni ya Australia inatengeneza chanjo kutokana na kirusi kilichotoka kwa wagonjwa wa Indonesia, chanjo ambayo Waindonesia wenyewe wangeipanga foleni kuinunua, kama wangeipata. Nchi tajiri zilimshambulia, kwamba anahatarisha dunia nzima. Huenda ni kweli alihatarisha. Lakini hoja yake haikujibika kirahisi, na mazungumzo yaliyoanzia hapo yalizaa makubaliano ya 2011 kuhusu virusi vya mafua na nani anafaidika navyo. Mwaka 2008 ikazinduliwa pia hifadhi ya data ya GISAID, ambayo masharti yake yananikumbusha gazeti la wafuga minyoo: kila mtu anaingia bure, lakini anajitambulisha, na akitumia data ya mwenzake anamtaja na anajitahidi kushirikiana naye.

Yaani kulikuwa na namna mbili za kuwa wazi. Ile ya Bermuda, mlango usio na bawaba, ilibuniwa na watu ambao tayari walikuwa na mashine, kompyuta na mishahara. Ile nyingine ilibuniwa na watu waliokwisha kuibiwa.

Halafu ikaja korona.

Tarehe 3 Januari 2020 sampuli kutoka Wuhan ilifika kwenye maabara ya Profesa Zhang Yongzhen, Shanghai. Tarehe 5 timu yake ilikuwa imekisoma kirusi chote, herufi elfu 30 kasoro kidogo. Alizijulisha mamlaka, lakini kulikuwa na amri: hakuna kuchapisha bila kibali. Asubuhi ya tarehe 11 Zhang alikuwa ndani ya ndege akielekea Beijing wakati rafiki yake Edward Holmes alipompigia kutoka Sydney kumwomba ruhusa ya kuitoa. Wahudumu wa ndege walikuwa wakimwambia azime simu. Akaomba dakika moja afikirie. Kisha akasema sawa. Chini ya saa moja baada ya Holmes kupokea data hiyo ilikuwa mtandaoni. Tarehe 13 Moderna walikuwa wamekamilisha mchoro wa chanjo yao, na Machi 16 mtu wa kwanza akadungwa huko Seattle. Maabara ya Zhang ilifungwa siku moja baada ya data kutoka, ati kwa marekebisho. Mwaka 2024 picha zake zilizunguka akiwa amelala nje ya mlango wa maabara yake, akigombania asifurushwe.

Shehena ya kwanza ya chanjo, dozi milioni moja hivi, ilitua JKIA Machi 2021. Mwaka mmoja na miezi miwili baada ya simu ile.

Na kama Zhang aliadhibiwa na watu wake mwenyewe, tukio la Novemba mwaka huo lilikuwa la kuadhibiwa na majirani wa mbali. Timu ya Sikhulile Moyo huko Gaborone na maabara za Afrika Kusini ziliona aina ya virusi yenye mabadiliko mengi isivyo kawaida. Hawakukaa nayo. Data ikapakiwa GISAID, na Alhamisi tarehe 25 Novemba 2021 Tulio de Oliveira na wenzake wakaitangaza mbele ya waandishi wa habari. Usiku huo huo Uingereza ikapiga marufuku safari kutoka nchi 6 za kusini mwa Afrika. Kesho yake ikapewa jina, Omicron, na marufuku zikafuatana kama magoli ya penalti: Ulaya, kisha Marekani kwa nchi 8. Ndege zilipokatwa, kemikali za maabara nazo zikakwama, zile zile za kusomea virusi. De Oliveira alilalamika hadharani kwamba wanakaribia kuishiwa.

Siku chache baadaye Uholanzi ikatangaza kwamba imepitia sampuli zake na kuikuta Omicron kwenye mbili za tarehe 19 na 23 Novemba, yaani kabla ya tangazo la Afrika Kusini. Amsterdam tena. Sikusikia mtu akizifungia ndege za Amsterdam kwa namna ile. Uingereza iliondoa marufuku yake tarehe 15 Desemba, Marekani tarehe 31.

Wiki hiyo Daktari aliandika kwenye kikundi chetu cha WhatsApp: "Umeona moshi kwenye ploti, umepiga mayowe, wamekushika wewe." Hakuna aliyejibu. Mtu mmoja aliweka emoji ya moto.

Siku hizi nafanya kazi chini yake, kama msaidizi wa utafiti. Tuna mifuatano 41 ya jeni za malaria kutoka zahanati tatu za Magharibi, na baadhi inaonyesha mabadiliko ambayo hatupendi kuyaona, yale yanayohusiana na dawa kushindwa kazi. Februari tulikaa mimi na yeye mbele ya fomu ya kupakia data kwenye GenBank, ile hifadhi iliyonikaribisha nikiwa sina kitu. Fomu inakuuliza swali moja mwishoni: itolewe mara moja, au ifichwe hadi tarehe utakayochagua?

Mimi kidole changu kilikuwa tayari kwenye mara moja.

"Weka Februari ijayo," Daktari akasema.

Nikamwambia mwaka mzima ni mrefu, kwamba kuna watu wa wizara na wa kaunti wanaopanga dawa za kuwapa akina mama wajawazito, kwamba Sulston angesema saa 24. Nilisema na mengine. Alinyamaza, akavua miwani. Kisha akanieleza jambo ambalo hakuwahi kuniambia: kwamba miaka kadhaa iliyopita alipakia mifuatano yake siku ile ile aliyoimaliza, na miezi mitano baadaye akaikuta ndani ya makala ya maabara moja ya ng'ambo, imechambuliwa vizuri kabisa, na yeye ametajwa kama namba ya hifadhi. Jarida alilokuwa akiliandikia likamjibu kwamba kazi yake haina jipya tena. "Huyo Sulston wako," akasema, "alikuwa na maabara yenye mamia ya watu. Mimi niko na wewe."

Sikuwa na jibu, na sijalipata bado. Nilimwambia tu kwamba mtu wa zahanati hasubiri jarida.

"Najua," akasema. "Naijua hiyo zahanati kabla hujazaliwa."

Tukakaa. Nje kulikuwa na jenereta ya jirani inakohoa. Mwishowe akaivaa miwani yake, akavuta kiti. Akasema matokeo ya jumla, bila mifuatano, tuyapeleke kaunti wiki hiyo hiyo kwa barua, na ikawa hivyo. Kuhusu fomu akasema, "Weka Juni."

"Juni ni miezi minne, Daktari."

"Unaweza kuandika makala kwa miezi minne?"

"Naweza."

"Basi andika."

Nikaweka Juni. Leo ni wiki ya pili ya Aprili, nina kurasa sita, na kule Magharibi mvua imeanza.